Njaa Haiamriwi na Nia Peke Yake

Msikilizaji, mtu akinenepa huambiwa hana nidhamu ya kula. Si haki. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuupasha ubongo habari za akiba iliyopo. Mwaka 1999, watafiti wa Japani wakaipata ghrelini, inayotoka tumboni na kuamsha njaa. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huzipokea taarifa hizo zote. Ukipunguza uzito, leptini hushuka, ghrelini hupanda, nawe unasikia njaa kuliko awali, kana kwamba mwili unajihami na ukame. Ndiyo maana kilo hurudi. Wahudumu wa afya, acheni kuwakaripia watu hawa, wapeni matibabu.