Kujitambua, Kujitambulisha na Kutambuliwa: Wanafunzi wa Asili Zaidi ya Moja katika Vyuo Vikuu vya Marekani



Mhadhara huu unahusu suala la Marekani linaloigusa pia kazi ya mwanaisimu wa Kiswahili: namna kijana mwenye wazazi wa rangi tofauti anavyojielewa awapo chuoni, na maneno yanayofaa kumweleza.

Suala hili limefungamana na sheria. Hadi mwaka 1967 majimbo 16 ya Marekani yalikuwa yakikataza ndoa baina ya watu wa rangi tofauti, ndipo Mahakama ya Juu ilipozibatilisha sheria hizo katika kesi ya Loving. Hata hivyo, katika sensa zilizofuata watoto wa ndoa hizo walitakiwa kuchagua rangi moja. Sensa ya mwaka 2000 ndiyo ya kwanza kuruhusu zaidi ya moja, na watu milioni 6.8, yaani asilimia 2.4, walifanya hivyo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu milioni 33.8, sawa na asilimia 10.2. Ongezeko hilo halitokani na uzazi pekee, kwani muundo wa maswali na uainishaji wa majibu nao ulibadilishwa. Idadi ya watu hawa, basi, hutegemea pia jinsi wanavyoulizwa.

Wanasaikolojia nao walitafuta maelezo. Mwaka 1990 Poston alipendekeza hatua tano za makuzi, ya mwisho ikiwa ni kuziunganisha asili zote. Kristen Renn, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu wanafunzi wa vyuo, hakueleza ngazi ya kupanda bali mielekeo mitano. Wapo waliojihesabu katika rangi moja. Waliozitaja asili zao zote, moja moja. Waliojiona kundi la pekee la watu wa mchanganyiko. Waliokataa mgawanyo wenyewe wa rangi. Na waliojieleza tofauti kulingana na mazingira. Mwanafunzi mmoja aliweza kuwa na mielekeo kadhaa, na hiyo haikuwa dalili ya kuchanganyikiwa.

Hapo ndipo msamiati wa Kiswahili unapopata mtihani. Neno "chotara" hutumika pia kwa kuku, ng'ombe na mbegu za mahindi. "Suriama" linakumbusha suria, mjakazi aliyewekwa kinyumba. "Hafukasti", lililotoholewa kutoka Kiingereza, humfanya mtu nusu. Maneno yote matatu humtaja mtu kwa jinsi alivyozaliwa, wala hayasemi lolote kuhusu anavyojielewa. Ni kweli kwamba wapo wanaojiita machotara bila kinyongo. Lakini jina alilojichagulia mtu si sawa na jina alilobandikwa.

Msaada unapatikana katika unyambulishaji wa kitenzi "tambua". Kujitambua ni jambo la ndani ya nafsi; kujitambulisha ni kujieleza mbele ya watu; kutambuliwa ni hukumu ya wengine. Nomino "utambulisho" hufunika yote matatu, ilhali matatizo ya wanafunzi hawa huzuka pale matatu hayo yanapoachana. Chukulia mwanafunzi ambaye baba yake ni Mmarekani Mweusi na mama yake ni Mjapani. Anaweza kujitambua kwa asili zote mbili na kujitambulisha hivyo, lakini wenzake wakamkataa upande mmoja kwa sura yake, na upande wa pili kwa kutojua lugha. Tangu mwaka wa masomo 2010/11, takwimu ambazo vyuo huipelekea serikali zina kundi la "rangi mbili au zaidi". Mwanafunzi huyo huwekwa humo pamoja na mwenzake mwenye asili ya Kizungu na ya Wenyeji wa Amerika, ingawa maisha yao hayafanani. Amehesabiwa, lakini hajatambuliwa.

Kwa hiyo, mfasiri anayeandika "wanafunzi chotara" amekwisha kuamua jambo ambalo utafiti wenyewe umeliacha wazi. "Wanafunzi wa asili zaidi ya moja" ni maneno marefu zaidi, lakini yanaacha nafasi ya mhusika kujieleza. Kamusi nazo zinapaswa kuonyesha matumizi na uzito wa maneno haya, si maana tupu. Na mtafiti atakayewahoji vijana hawa kwa Kiswahili aulize maswali matatu, si moja: unajitambuaje, unajitambulishaje, na wenzako wanakutambuaje?