AMPLIFAYA YA HEDIFONI: SOMA KABLA YA KUNUNUA

Leo kusoma na hesabu vitatulindia fedha.

Tuseme fundi wa Ng'ambo, hapa Tabora, amepata hedifoni nzuri za kusikilizia muziki. Muuzaji amwambia, "Bila amplifaya ya bei kubwa, hazitasikika vema." Je, atoe fedha? Asitoe bado. Asome kwanza.

Kwanza, atazame karatasi ya hedifoni, atafute alama hii: Ω. Husomwa omu, nacho ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme. Zikiwa omu 32, mara nyingi simu yenye tundu la hedifoni yatosha, wala hana haja ya amplifaya. Zikiwa omu 300, kama Sennheiser HD 600, huhitaji volti zaidi. Hapo amplifaya yafaa.

Pili, asome ukinzani wa tundu la amplifaya. Watu wengi hugawanya omu za hedifoni kwa 8. Kwa hiyo 32 kwa 8 ni 4: ukinzani wa amplifaya usizidi omu 4, ama sivyo sauti nene zaweza kubadilika.

Tatu, aijaribu dukani bila kupiga wimbo. Akisikia mvumo, asiichukue, hata ikiwa ya bei kubwa.

Ajuaye kusoma hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Swali: Hedifoni ni za omu 64. Ukinzani wa amplifaya usizidi omu ngapi? Andikeni jibu. Kwaherini.