Sola ya Zahanati na Fungu la Betri: Hotuba ya Mweka Hazina Siku ya Harambee



Mwaka huu tunaomba mchango wa jambo moja tu: umeme wa jua kwa zahanati yetu.

Mtauliza, nguzo si zilishafika? Zilifika. Lakini laini inayopanda mlimani ni moja, inapita katikati ya mikaratusi, na masika mti mmoja ukiangukia waya, sisi wote huku juu tumekuwa kisiwa. Akina mama wamezalishwa kwa tochi ya simu. Chanjo zimeteremshwa Tengeru kwa bodaboda, ndani ya kisanduku cha barafu, kwenye tope.

Wenzetu wa Unguja wanalijua hili. Kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja uliolazwa chini ya bahari tangu 1980. Mei 2008 ulipata hitilafu, giza karibu mwezi mzima. Desemba 2009 tena, hadi Machi 2010. Pampu za maji zikasimama, watu wakahangaika na ndoo. Waya mpya, mkubwa zaidi, ulikuja 2013, lakini nao unatoka Bara.

Mbali zaidi, huko Puerto Rico, kimbunga Maria kiliangusha gridi yote Septemba 2017, na wengine walikaa gizani karibu mwaka. Katika mji wa milimani wa Adjuntas, wakulima wa kahawa kama sisi, jumuiya ya wenyeji iitwayo Casa Pueblo ilikuwa na sola juu ya paa. Taa zake ziliwaka. Majirani wakaenda pale kuchaji simu na kutumia mashine za matibabu.

Sasa tuseme ukweli wa vitabu vyetu. Sola hii si ya kwanza. Ile ya zamani ilifanya kazi vizuri mpaka betri zikachoka, na hapakuwa na hata senti ya kununua nyingine. Paneli bado ziko juu ya paa. Hakuna aliyeiba. Ni sisi, wenye kalkuleta mjini, ambao hatukuandika betri kwenye bajeti. Tulipiga picha, tukala loshoro, tukaondoka.

Kwa hiyo tunapendekeza katika kila shilingi 100 zitakazochangwa, 20 ziingie akaunti ya betri, zisiguswe kwa shughuli nyingine yoyote, hata msiba. (Hapo kwenye kamati tulibishana sana.) Paneli za zamani zipimwe na fundi kabla hatujanunua mpya. Na mfumo ukadiriwe kwa Juni na Julai, wakati Meru imejifunika mawingu, si kwa jua la Januari. Utakuwa ghali zaidi, tunajua. Tuanze na jokofu la chanjo na chumba cha kujifungulia. Televisheni ya wanaosubiri itangoja.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho. Anayetaka kukagua hesabu za ile sola ya kwanza, vitabu viko mezani kwa Katibu.