Haizea: Upepo Uliogeuka Jina la Mtoto

Jina la mtu huweza kubeba historia ya taifa zima. Miongoni mwa majina ya namna hiyo ni Haizea, ambalo Wabaski wa kaskazini mwa Hispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa huwapa mabinti zao.

Maana yake ni upepo. Neno lenyewe ni "haize", na irabu "a" iliyopachikwa mwishoni huonyesha kwamba kinachotajwa ni kitu bayana. Lugha ya Kibaski, ambayo wenyewe huiita Euskara, haina nasaba inayojulikana na lugha nyingine yoyote iliyo hai duniani.

Kwa wavuvi wa bandari kama Bermeo, upepo si jambo la mzaha. Ule wa kusini, hego haizea, hushuka milimani ukiwa mkavu na wenye joto. Ule wa kaskazini, ipar haizea, huleta baridi kutoka baharini. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki, waliosafiri kwa kufuata kaskazi na kusi, hawatashangaa kwamba neno hilo limepewa heshima.

Desturi ya kuazima majina kutoka kwa maumbile ni ya kale. Katika Enzi za Kati walikuwapo Wabaski walioitwa Otsoa, yaani mbwa mwitu. Jina hilo lingali hai katika ukoo wa Ochoa. Baadaye majina ya watakatifu yalitawala. Mwaka 1910 ilichapishwa orodha iliyotayarishwa na Sabino Arana na Luis Eleizalde, iliyoyavisha majina hayo vazi la Kibaski: Pedro, kwa mfano, akawa Kepa.

Kisha ukaja utawala wa Jenerali Franco. Amri ya Mei 1938 ililazimisha majina yaandikishwe kwa Kihispania. Mtoto akawa na jina moja katika daftari la serikali, na jingine nyumbani.

Franco alifariki dunia mwaka 1975, na sheria ya Januari 1977 ikawarudishia wazazi hiari yao. Ndipo majina ya maumbile yakashamiri: Ibai, yaani mto, Hodei, wingu, Ekaitz, dhoruba, na Haizea.

Leo mama anapomwita binti yake kwa jina hilo, hutamka kwa sauti neno ambalo karani wa zama zile asingethubutu kuliandika.