Jina la Mtu na Ukoo Wake

Leo tumekusudia kunena juu ya jina la mtu, na jinsi liwezavyo kumfikisha kwa mababu zake au kumwacha njiani.

Hapa kwetu Nassa, kando ya ziwa, jina la Kisukuma ni habari. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mabula; mapacha ni Kulwa na Doto, na awafuataye ni Shija. Kisha husemwa ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani. Lakini jina la baba halishuki mbali. Mabula akimzaa Kulwa, na Kulwa akimzaa Shija, mjukuu huyo ni Shija ng'wana Kulwa, naye Mabula hatajwi tena. Basi ukoo wote hukaa katika kumbukumbu za wazee.

Wafaransa walishika desturi nyingine. Kwa karne nyingi jina la ukoo lilitoka kwa baba likaenda kwa mwana, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1539 mfalme wao, François wa Kwanza, aliamuru mapadre waandike vitabuni watoto wanaobatizwa. Mwanamke naye, hata akiisha kuolewa, huandikwa katika hati kwa jina la kwao. Kwa hiyo wako watu katika kisiwa cha Réunion, ambao mababu zao walihamia huko kutoka Ufaransa tangu karne ya 17, nao waweza kufuata vitabu toka mwana hata baba, toka baba hata babu, mpaka kijiji alikotoka yule wa kwanza.

Lakini kisiwani humo humo wako jirani zao ambao mababu zao walitoka pande zetu za Afrika. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alipatana na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Huko mtumwa aliandikwa kwa jina moja tu, tena aghalabu la kupewa na bwana wake. Na wengi waliotoka Afrika waliitwa watu wa Msumbiji, ijapokuwa kwao kulikuwa kwingine. Utumwa ulipokomeshwa Réunion, tarehe 20 Desemba 1848, watu wapatao 60,000 waliachwa huru, na waandishi wa serikali wakawapa majina ya ukoo, mengi yao ya kubuniwa. Mzao wao afuatapo vitabu nyuma, hufika mwaka huo, na mara nyingi mbele yake hukuta jina moja tupu. Waliojua baba yake ni nani walibaki ng'ambo hii, nao walikufa na habari zao.

Sasa tujitazame. Watoto wetu huenda Mwanza na Dar es Salaam kutafuta kazi. Mmoja huandikwa kwa jina la baba, nduguye kwa jina la babu. Wana wao wakikutana, hawajuani. Yamkini kijana akaposa, ng'ombe wakahesabiwa, ndipo mzee mmoja akasema, "Hawa ni wa babu mmoja." Je, mzee huyo asipokuwapo?

Hatusemi mwache desturi ya ng'wana. Ni nzuri, nayo ni yetu. Twasema iandikwe. Kila nyumba na iweke daftari moja: jina la kila mtu na sababu ya kuitwa hivyo, baba yake na mama yake, ukoo na kijiji, upande wa kuumeni na wa kikeni. Ninyi wanafunzi, wazee husema, nanyi mnajua kuandika. Mwaulizeni bibi jioni hii, maana kesho si yetu.

Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Lakini wale wa Réunion hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Sisi hapana aliyetunyang'anya. Tukiipoteza, tumeipoteza wenyewe.