Subira Asiachiwe Mama Peke Yake



Mama wa mtoto mwenye siko seli hapa Uingereza huujua ugonjwa mapema, kwa kuwa mtoto mchanga huchomwa kisigino akiwa na siku 5 na damu yake hupimwa. Majibu yakifika, mwingine husema Alhamdulillahi huku machozi yakimtoka. Kuanzia hapo, penisilini ni asubuhi na jioni. Kipimajoto hakikai mbali na kitanda, maana homa ya nyuzi 38 ni safari ya hospitali usiku huo huo. Na kila siku mama hupapasa chini ya mbavu za kushoto, kama alivyofundishwa na muuguzi, akitafuta uvimbe wa bandama. Vidole vinapapasa, midomo inasoma Fatiha.

Wapo wanaoletewa kombe kutoka Unguja au Mombasa, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi. Hakuna ubaya, maadamu dawa ya haidroksiyurea haikuachwa, kwani Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwaagiza watu wajitibu. Na aya ya 184 ya Sura Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani. Kijana wa siko seli akikaukiwa na maji, maumivu ya mifupa yanaweza kumlaza wodini. Asiaibishwe kwa kikombe chake.

Maneno ya watu humvunja mama nguvu kuliko hata wodi. "Kwao wana damu mbaya." Huo ni uzushi: mtoto huurithi ugonjwa kwa baba na mama, wote wawili, na wazazi wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4.

"Dada, subiri tu, ni mtihani." Hili ni kweli, ila anayelisema hunywa chai akaenda zake. Nabii Ayub alisubiri, na bado alimlalamikia Mola wake dhiki iliyompata. Mama naye ana haki ya kusema amechoka, na akisema, apatikane wa kuwapokea wanawe wengine shuleni, na baba aijue njia ya kliniki.

Tena kuna damu. Baadhi ya watoto hawa hubadilishiwa damu mara kwa mara, na aina ya Ro wanayoihitaji hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Fomu za kujiandikisha kutoa damu ziko mezani, upande wa kina mama na upande wa kina baba.