Mshale wa Joto Ukipanda Njiani

Leo tunazungumza na madereva wa magari ya wagonjwa na ya misaada, hasa ninyi mnaopanda milima ya Ngomo kutoka Kamanyola kwenda Bukavu.

Wengi wenu mnaendesha Land Cruiser ya dizeli yenye injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Ni injini imara, lakini joto likizidi huharibika kama nyingine yoyote.

Tuseme umembeba mama mwenye uchungu wa uzazi. Mshale wa joto, ambao kila siku hutulia mahali pamoja, unaanza kupanda. Dereva hujiambia: nimalize kwanza kilima hiki. Ndugu dereva, kilima hicho ndicho kinachounguza gasketi ya silinda hedi.

Fanya hivi. Zima kipoza hewa, fungulia hita mpaka mwisho, punguza mwendo. Mshale ukiendelea kupanda, simama mahali salama, zima injini, weka mawe nyuma ya magurudumu. Kisha, kabla hujafungua boneti, ita ofisi kwa redio. Sema uko wapi na umebeba nani, ili gari jingine lianze safari. Usingoje kujua ubaya wa gari ndipo uombe msaada.

Sasa tafuta chanzo. Je, taa ya betri iliwaka mshale ulipopanda? Tazama mkanda wa feni. Huo ndio unaozungusha alternata na pampu ya maji. Ukikatika, vyote viwili husimama. Kama mkanda ni mzima, tazama mipira ya rejeta: je, kuna mahali panapovuja? Tazama pia uso wa rejeta. Matope yaliyokauka huziba njia ya hewa.

Kifuniko cha rejeta usikiguse kwanza. Maji ya ndani yako kwenye mgandamizo, yatakurukia usoni. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kushika mpira wa juu bila kuungua. Ndipo ufungue taratibu kwa kitambaa na kuongeza maji kidogo kidogo. Maji baridi katika injini ya moto hupasua hedi.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Usiwashe. Gari hilo livutwe. Oili ikiwa safi, washa na utazame bomba la moshi. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto ni dalili ya gasketi iliyoungua. Zima tena.

Na kila asubuhi, kabla ya kuondoka, tazama maji, oili na mkanda. Ni kazi ya dakika 5. Mgonjwa hawezi kukukumbusha.